Aliyepika Atakula Lini?

Asubuhi moja ya kliniki alifika mbele yangu mama mkulima kutoka Suguti, umri wake ukikaribia miaka 60. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu daktari," akaketi, akafungua fundo la kanga yake na kutoa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alipewa kijikaratasi hicho siku alipogundulika kuwa na shinikizo la juu la damu. Nilikikunjua. Kilikuwa na picha ya tufaha jekundu, shada la brokoli, glasi ya maziwa na kijana mwembamba aliyevaa raba akikimbia kando ya bahari. Chini ya picha hizo palikuwa na maneno ya kumhimiza msomaji aupende mwili wake na kuujali. Kipimo cha siku hiyo kilisoma 190 kwa 110.

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo leo naona ilikuwa kali kupita ilivyostahili, kwa nini hakuyazingatia maelekezo aliyopewa. Hakujitetea. Alisema tu, "Nimeyasikia yote, daktari. Ila nifafanulie jambo moja. Aliyepika atakula lini?"

Nilidhani ni mzaha. Alipoona sijamwelewa, alinieleza siku yake. Huamka saa kumi alfajiri ili awahi mwaloni, kwa maana dagaa waliovuliwa usiku hawamsubiri mtu. Huwanunua, huwaanika. Jua likipanda huenda shambani kwenye muhogo na mtama, hurudi na kuni na ndoo ya maji, kisha hupika. Chakula kikiiva hutenga kwanza cha mzee na wageni wake, halafu cha vijana waliotoka ziwani, halafu cha wajukuu. Yeye hukomba sufuria. Mara nyingi kinachobaki ni ugali na mchuzi uliopoa, samaki akiwa amekwisha. Zipo siku ambazo hata huo haubaki, naye hunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi, akalala. Na kwa kuwa aliambiwa kwamba dawa humezwa baada ya kula, siku asipokula hamezi dawa. Katika juma lililotangulia aliruka siku tatu. Hakuwa mkaidi. Alikuwa mtiifu kuliko sisi tulivyotarajia.

Dawa aliyopewa ilikuwa amlodipini, ambayo humezwa mara moja kwa siku, mtu awe amekula au hajala. Sentensi moja ya kumweleza hivyo ingetosha. Hakuna aliyemwambia, nami huenda nisingemwambia kama asingeniuliza swali lile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari swali hilo, na rai yangu katika makala hii imetokana nalo. Katika ukanda wetu wa ziwa, kuutendea mwili wema hakuanzi kwa mtu mmoja kujipenda. Huanza pale chakula kinapogawanywa. Mwili wa mpishi hutendewa wema au dhuluma na watu wote wanaoketi kula alichokipika, na sisi watabibu tunapomhubiria yeye peke yake tunabisha mlango usio wake.

Kwa msomaji asiyeifahamu Suguti, ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, mkoani Mara, katika eneo la mwambao wa Ziwa Viktoria, na upo mto wenye jina hilohilo. Wanaisimu wamelitumia jina la Suguti kulitaja kundi la lugha za ukanda huo, zikiwamo Kijita na Kikwaya. Watu wake hulima, hufuga na huvua. Wana muhogo, mtama, ulezi, mahindi na viazi vitamu. Wana kunde na majani yake, mlenda, mchicha, mapapai, na maembe katika msimu wake. Wana sato, sangara na dagaa. Mtaalamu wa lishe akipewa karatasi tupu na kalamu ili amwandikie mlo mgonjwa wa shinikizo la damu, atakachoandika hakitakuwa mbali na ugali wa nafaka isiyokobolewa, mboga za majani na dagaa wa ziwa hilo.

Dagaa hasa wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Samaki mkubwa huliwa mnofu, mifupa ikatupwa. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, na kwa hiyo mlaji hupata protini pamoja na kalsiamu, madini ya chuma, zinki na vitamini B12 katika konzi moja. Ulezi nao una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tulizozizoea. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba chakula bora lazima kiwe na picha ya tufaha.

Penye uchungu ni hapo: Suguti si mahali ambapo chakula chema hakijulikani. Kinajulikana, kinalimwa, kinavuliwa, halafu kinapita mlangoni kikaenda zake. Sangara huenda viwandani, minofu yake husafirishwa ng'ambo, na mapanki hurudi kukaangwa katika mafuta yaliyokwisha kutumika mara nyingi. Sehemu kubwa ya dagaa hununuliwa kwa ajili ya kutengenezea chakula cha kuku na mifugo mingine. Simlaumu muuzaji, kwa maana sare ya shule hainunuliwi kwa kalsiamu. Lakini fedha inayopatikana hurejea nyumbani ikiwa sembe nyeupe, sukari, mafuta ya kukaangia na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Sembe imeondolewa pumba na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kwa hiyo tumeuza kitoweo tukanunua njaa iliyofichika.

(Wapo watakaosema kwamba dona nalo lina hatari zake. Ni kweli. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, na mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumu hiyo. Dawa yake ni kukausha vizuri na kutupa punje zilizooza. Kukoboa si badala ya kukausha.)

Kuna kisa cha mkoa wetu wa Mara ambacho kingepaswa kufundishwa katika kila shule ya msingi, nami nashangaa ni wachache mno wanaokifahamu. Kinahusu ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka ya huko Kongo, na maana yake inahusu miguu iliyofungwa. Daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliueleza kitaalamu mwaka 1938 baada ya kuukuta katika eneo la Kwango. Mtu mwenye afya njema huamka asubuhi, au husimama baada ya kazi, akakuta miguu yake imekakamaa. Wengine hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wengine huhitaji fimbo mbili. Wengine hawatembei tena. Hali hiyo haizidi kuwa mbaya siku kwa siku, lakini pia haina tiba ya kuirudisha nyuma. Aliyepooza leo atakuwa hivyo uzeeni.

Mwaka 1985 konzo ilitokea Tarime, kaskazini mwa mkoa wetu. Makumi ya watu walipooza. Timu ya watafiti iliyowachunguza ilichapisha taarifa yake mwaka 1990, na miongoni mwao alikuwamo daktari wa Uswidi, Hans Rosling, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameuchunguza mlipuko mkubwa wa ugonjwa huohuo uliotokea mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Walichokikuta Tarime hakikuwa kijidudu. Ulikuwa ukame. Mazao mengine yalikuwa yamekauka shambani, watu wakabaki na muhogo mchungu unaovumilia jua, na kwa sababu ya njaa waliufupisha utaratibu wa kuuandaa.

Kila mkulima wa mwambao anaufahamu utaratibu huo. Muhogo mchungu humenywa, hulowekwa au huvundikwa kwa siku kadhaa, hukwanguliwa, huanikwa juani hadi ukauke, ndipo usagwe. Udaga tunaouona sokoni umepitia safari hiyo. Hatua hizo ni maabara ya wahenga: ndani ya muhogo mchungu mna kemikali iitwayo linamarini, ambayo huzalisha sianidi, na kuvundika pamoja na kuanika huiondoa sumu hiyo. Anayekata siku tatu katika utaratibu huo huila sumu aliyoiacha ndani.

Hata hivyo, mwili haukuumbwa bila ulinzi. Ini huigeuza sianidi kidogo inayoingia mwilini kuwa thiosianati, ambayo hutoka kwa njia ya mkojo. Ili kazi hiyo ifanyike, mwili huhitaji salfa, na salfa hiyo huipata kutoka katika protini, hasa ya samaki, nyama na mayai. Kwa maneno mengine, kipande cha kitoweo kilicho pembeni ya ugali wa muhogo ni sehemu ya dawa ya muhogo wenyewe. Bila kitoweo, sumu hubaki na kuishambulia mishipa ya fahamu inayoongoza miguu.

Sasa nawaomba wasomaji watulie hapa. Konzo, popote ilipotokea Afrika, imewapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wanaume watu wazima hupatwa kwa nadra zaidi. Wote wameishi kijiji kimoja, wamevumilia ukame mmoja, wamekula ugali wa unga mmoja. Maelezo mojawapo ya tofauti hiyo, nami nayaona yana uzito mkubwa, ni kwamba hawakula kitoweo kimoja. Mpangilio wa nani atenge, nani ale kwanza na nani akombe sufuria unaweza kusomwa katika miguu ya watu.

Nimekitaja kisa hicho si kwa kuwatisha wala muhogo wa Suguti. Muhogo ulioandaliwa vema ni chakula salama na umeziokoa familia nyingi. Nimekitaja kwa sababu kinaonyesha kwa uwazi wa kutisha jambo ambalo shinikizo la damu hulifanya kimyakimya kwa miaka 20. Mwili unadai vitu viwili ambavyo maisha ya mpishi wetu hayampi: muda na fungu. Muda wa kuloweka, wa kupika bila kukaanga kila kitu kwa haraka, wa kulala, wa kwenda zahanati kupima. Na fungu lake la kitoweo, lililotengwa kabla hajauliza.

Wapo pia walioufupisha utaratibu wa muhogo si kwa njaa bali kwa kukimbilia soko. Kwao kuna njia iliyosambazwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, ambayo haidai siku nyingi. Unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji, hutandazwa uwe tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, huachwa kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sianidi iliyobaki ipeperuke, kisha husongwa siku hiyohiyo. Naipenda njia hiyo kwa kuwa haimkemei mtu. Inamkuta alipo, na muda alio nao.

Tukirudi katika shinikizo la damu, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 hawakufikia kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa, ambacho Shirika la Afya Duniani hukikadiria kuwa angalau gramu 400 kwa siku. Takwimu kama hizo hutusukuma sisi madaktari kukemea. Nami kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wakemeaji hodari. Nilikuwa nikiwaambia wagonjwa waache chumvi huku mimi mwenyewe zamu ya usiku nikiimaliza kwa soda mbili na mandazi, na sikuwahi kujipima shinikizo hadi muuguzi mmoja aliponivalisha kifaa kwa utani. Utani ule uliishia kwa mimi kuanza dawa. Naona ni halali nilitaje hilo kabla ya kumhubiria mtu mwingine.

Isidhaniwe kwamba nawatetea wanawake kwa kuwasahau wanaume. Kijana anayevua dagaa hukesha ziwani chini ya mwanga wa taa, hurejea alfajiri, hulala mchana katika chumba cha bati lenye joto, huamka kichwa kikimwuma na kurudi majini akiwa na kinywaji cha kuongeza nguvu mkononi. Pombe za viroba zilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe kali haikuondoka mialoni. Ilibadilisha chombo tu. Mwili wake nao unateswa, na yeye huuita utesaji huo uanaume. Tofauti yake na mama yake ni kwamba akichoka huambiwa apumzike. Wengi wa wanaume hao hupimwa shinikizo kwa mara ya kwanza siku wanapobebwa, upande mmoja wa mwili umelegea na maneno hayatoki. Ndugu huuliza ni nani aliyemtupia jambo. Sipendi kubishana nao saa hiyo. Huwaomba tu wale waliobaki wamesimama wavue makoti wapimwe, na mara nyingi hupatikana mwingine.

Shinikizo la damu halina maumivu ya kumwonya mtu. Kwa hiyo kupima mara moja kwa mwaka, hata ukiwa mzima wa afya, ni wema usio na gharama kubwa. Vivyo hivyo chumvi. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa vyakula vyote vya siku nzima. Ukikumbuka chumvi iliyomo katika kayabo, yule sangara aliyekaushwa kwa chumvi, utaona jinsi kijiko hicho kinavyokwisha mapema. Kayabo alowekwe, maji yamwagwe, alowekwe tena, na chungu kisitiwe chumvi nyingine. Dagaa waliokaushwa kwa jua pekee ni afadhali mara nyingi. Chumvi hiyo kidogo itakayotumika iwe yenye madini joto, hasa kwa walaji wa muhogo, kwa kuwa thiosianati niliyoitaja huizuia tezi ya shingo kupata madini hayo.

Nitaambiwa kwamba nimetoka hospitalini nikaingilia mila. Ninaiheshimu hoja hiyo, maana nami nimelelewa katika nyumba ambayo mgeni hutangulia kunawa. Kumtangulizia mgeni na mzee ni adabu njema, na sioni sababu ya kuiondoa. Ninachosema ni kwamba hakuna mila ninayoifahamu iliyoamuru mpishi alale na njaa. Hilo halikuamriwa na mtu. Limezoeleka tu, na kwa kuwa mpishi halalamiki limeonekana kuwa desturi. Sahani yake ikipakuliwa mapema na kufunikwa, hakuna mgeni atakayepungukiwa. Vivyo hivyo, konzi tatu za dagaa zikitolewa kabla mzigo haujafika kwa mnunuzi, ada ya mtoto itapatikana bado.

Nitaambiwa pia kwamba nazungumzia sahani ilhali tatizo ni umaskini. Hoja hii ni nzito zaidi. Ukame wa Tarime haukuletwa na adabu za mezani, na sitaki mtu atumie maneno yangu kuisahaulisha serikali wajibu wake wa barabara, maji, bei ya mazao na dawa zisizokatika katika zahanati. Bomba la maji karibu na nyumba linaweza kumpa mpishi saa mbili kila siku, na saa hizo mbili zina thamani kuliko vijikaratasi vyetu vyote. Lakini umaskini haujaeleza kwa nini, pale kitoweo kilipokuwapo, kiligawanywa vile kilivyogawanywa.

Nchi hii iliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Takriban watu milioni mbili walikusanyika vijijini katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma pamoja, kisha wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kwa mtindo uleule wa vikundi, na mada yake ilikuwa lishe. Ninachokisifu katika kampeni hizo si redio. Ni kwamba baba, mama na kijana walilisikia somo moja wakiwa wameketi mahali pamoja, na walipotoka hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba hilo ni jambo la wanawake. Leo tunamwita mama kliniki peke yake, tunampa somo la lishe akiwa peke yake, kisha tunamrudisha katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyelisikia.

Vikundi vipo bado. Kuna vikoba, kuna vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za ziwa, kuna kwaya na jumuiya za dini. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakipewa mashine ya kupimia shinikizo na somo fupi la mlo wa mwambao, wanaweza kuwakuta wavuvi mwaloni mchana wanapotengeneza nyavu, saa ambayo wana muda wa kusikiliza. Sisi wa vyuo vya tiba nasi tuna kazi yetu. Kijikaratasi chenye brokoli kitupwe, kiandikwe kingine chenye dagaa, mlenda, udaga na mtama, kwa maneno ambayo mtu wa Kusenyi angeyatumia. Na katika fomu ya mgonjwa, baada ya umri, uzito na kipimo cha shinikizo, nashauri tuongeze maswali mawili tunayowafundisha wanafunzi wetu kuyauliza kabla ya kuandika dawa: nani hupika nyumbani, na yeye hula lini?

Yule mama alirudi baada ya wiki sita. Safari hii nilikuwa nimemwomba aje na mtu wa nyumbani, naye alikuja na kijana wake wa pili, mvuvi, ambaye muda wote alisimama karibu na mlango kana kwamba chumba kilikuwa chembamba. Nilimweleza kijana yote niliyoyaandika hapa, kwa ufupi. Alisikiliza, kisha akauliza kama dagaa wa mama watengwe kabla ya mzigo kupimwa au baada. Nikamjibu kabla. Akasema sawa.

Mama alinieleza kwamba yeye hakungoja. Siku ileile aliyotoka kliniki alichukua sahani moja, akaijaza kabla ya zote, akaifunika na kuiweka juu ya rafu. Mjukuu wake alimwuliza sahani hiyo ni ya mgeni gani. Alimjibu kwamba ni ya mpishi. Mtoto alicheka sana, na tangu hapo yeye ndiye anayeifunika. Mzee alikaa kimya siku mbili za kwanza, kisha akaacha kuitazama.

Dawa alikuwa amemeza kila siku. Nilimpima mara mbili, mkono wa kushoto na wa kulia. Shinikizo lilikuwa 152 kwa 94. Nikamwongezea dawa ya pili, nikamwandikia tarehe ya kurudi, kisha nikamwomba kijana avue koti lake aketi kwenye kiti.